Kinanda Kilichoshuka Sauti

Verlene Stallworth aliposukuma mlango wa kinyozi, wembe ulisimama shavuni pa mteja. Haukusimama sana, pumzi moja tu, kisha ukaendelea kuteremka. Lakini Verlene alikuwa amefanya kazi ya polisi kule Mobile miaka kumi na mmoja kabla hajafungua ofisi yake mwenyewe, na alichunguza mikono ya watu kuliko nyuso zao.

"Hapa hatusuki, Bi Verlene," alisema Ezell Tarver bila kugeuka. "Nenda kwa Maybelle, mlango wa tatu."

"Nywele zangu hazina shida. Nimekuja kwa habari za Velt."

Mteja, mzee mwenye povu hadi masikioni, alifumbua jicho moja. Ezell akamgeuzia kiti upande wa ukutani, kama vile ukuta ungemziba masikio.

Ukuta huo ndio uliokuwa umebeba historia nzima. Matangazo ya maonyesho yalibandikwa kutoka dirishani mpaka kwenye sinki: Selma, Meridian, Thomasville, Tuscaloosa, kumbi za shule, kumbi za samaki wa kukaanga, sherehe za wanafunzi wa chuo. Katikati palikuwa na picha ya vijana saba, Ezell akiwa mmoja wao, waliovaa makoti ya mahameli ya kijani katikati ya joto la Agosti, jasho linawameremeta. Tombigbee Velvets. Walianza mwaka 1963 wakiwa bado wanafunzi, wakapiga muziki wa soul miaka minane, wakatoa santuri moja tu. Santuri hiyo ilipigwa redioni kutoka Mobile hadi Meridian, na ukivuka hapo hakuna aliyewajua. Ndani ya eneo hilo, hata hivyo, harusi isiyokuwa na Velvets haikuhesabiwa kuwa harusi.

Aliyesimama mbele kabisa, kidevu juu, alikuwa Roosevelt Dantzler, ambaye mji mzima wa Larkin ulimwita Velt. Jumamosi ya tarehe 14 Agosti 1971 gari lake lilikutwa usiku mtoni, kwenye gati la kivuko, naye yumo ndani. Ofisi ya sherifu wa wakati huo iliandika karatasi moja: alikuwa amelewa, alipotea njia, alikufa maji. Miaka kumi na miwili ikapita. Halafu, wiki mbili zilizopita, dada yake alipokea kifurushi kisicho na jina la mtumaji. Ndani mlikuwa na mkanda wa sauti wenye tarehe iliyoandikwa kwa penseli. Tarehe yenyewe ilikuwa hiyohiyo, 14 Agosti 1971. Na sauti iliyokuwa mle ilikuwa ya Velt.

"Nieleze tena siku ile," alisema Verlene.

"Nilishaeleza mwaka sabini na moja."

"Mimi sikuwapo."

Ezell alifuta wembe. "Tulikuwa kwenye ukumbi wa chama cha kuzikana kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja. Tulikuwa tunafanya mazoezi. Velt hakutokea. Tulimsubiri, hakutokea."

Verlene alifungua daftari. "Tulimsubiri, hakutokea. Ndivyo ulivyosema wakati ule. Mpiga besi alisema hivyohivyo. Wa tarumbeta hivyohivyo. Watu sita, Ezell, na sentensi moja. Hata kanisani watu hawasemi amina kwa pamoja namna hiyo."

"Kama jambo ni la kweli, utalisemaje vingine?"

"Mmoja angesema alichelewa kidogo kwenda kununua sigara. Mwingine angekumbuka mvua. Nani aliwafundisha?"

"Muulize mume wa Corinne," Ezell alisema haraka mno. "Velt alikuwa akimzungukia mkewe. Mji mzima unajua."

"Nimeshamuuliza. Agosti ile yote alikuwa kifungoni Florida kwa sababu ya ngumi. Nimekiona kitabu cha wafungwa kwa macho yangu. Taja mwingine."

Ezell alimpangusa mzee povu, akavuta kutoka kwenye kisanduku ukanda wa karatasi nyeupe yenye mikunjomikunjo, ule wanaofungia shingo ili nywele zisiingie kolani. Alikuwa karibu kumfunga mzee shingoni, Verlene aliponyoosha mkono.

"Naomba moja."

"Ya nini?"

"Shingo imeanza kuniwasha."

Mzee akacheka peke yake. Ezell alimpa Verlene ukanda ule, akamtazama anavyoukunja polepole na kuutia katikati ya daftari. Mle ndani ulikuwapo mwingine kama huo. Mkanda aliotumiwa dada wa marehemu ulikuwa umezungushiwa karatasi za aina hiyo, kumi na mbili, ili usigongane na boksi njiani.

Ezell aliuona ule wa kwanza. Verlene alingoja. Feni ya dari ilizunguka.

"Umepanga kusema kitu?" aliuliza Verlene.

"Nanyoa watu, Bi Verlene. Ndiyo kazi yangu."

"Sawa," alisema, akavaa kofia yake.

*

Mama Hazeltine Crook alikuwa amepiga kinanda katika kanisa la Nebo kwa miaka arobaini na tatu, na hakuona sababu ya kuacha kwa sababu tu magoti yalikuwa yameacha. Alikaa benchi la mbele, mkongojo kando, bakuli la karanga za kuchemsha mapajani, huku Verlene akiunganisha kinasa sauti na umeme.

"Nimeambiwa hakuna sikio kama lako kaunti nzima," alisema Verlene.

"Aliyekuambia hivyo anataka nimpigie kwenye mazishi yake bure. Washa."

Mkanda ulikwaruza, kisha chumba kisichoonekana kikajaa watu. Kiti kiliburutwa. Mtu alikohoa. Filimbi ndogo ya kuwekea sauti ikalia noti moja, nyembamba na safi. Kisha kinanda kikaitikia noti hiyohiyo, na haikuwa hiyohiyo.

Vijana wakaangua kicheko. "Profesa!" iliita sauti ya Velt, changa na yenye mzaha. "Kinanda chako kina homa, au ni mimi nimekua urefu?"

"Imba wewe," sauti nyingine ilijibu. "Wote tukishuka, hakuna atakayejua."

Gitaa likalegezwa nyuzi, tarumbeta ikavutwa bomba lake ili nayo ishuke, wakaanza. Mama Hazeltine aliacha kutafuna.

"Rudisha."

Verlene alirudisha. Bibi alifumba macho. Mara ya tatu aliinua kidole.

"Hapo. Umesikia? Kile kinachodonoa kama kuku? Ni fa ya chini kabisa. Hicho ni kinanda changu."

"Una hakika, mama?"

"Binti yangu, nimekaa na mdonoo huo kila Jumapili miaka kumi na minane. Tuliponunua kipya, hicho tukamwachia Lucious na bendi yake. Fungua kabati lile. Kitabu chekundu."

Kitabu chekundu cha kanisa kiliandika kila kitu kilichoingia na kutoka, hata mitungi ya chai. Verlene alifuata mistari kwa kidole. Kinanda cha zamani kilitoka kanisani Alhamisi, tarehe 12 Agosti 1971, saa nne asubuhi, kimechukuliwa na L. Abernethy. Lucious Abernethy ndiye aliyekuwa kiongozi wa Velvets na mpiga kinanda wao, na hata leo watu walimwita Profesa.

Verlene alihesabu kwa sauti, kwa sababu kusikia hesabu kulimsaidia. "Kwa hiyo mkanda huu hauwezi kuwa wa kabla ya tarehe kumi na mbili. Tangazo lililoko kwa Ezell linasema Alhamisi ile na Ijumaa walikuwa Meridian. Jumapili Velt alikuwa tayari mochwari. Inabaki siku moja."

"Jumamosi," alisema Mama Hazeltine.

"Jumamosi ambayo hakutokea."

Bibi aliweka bakuli chini. Hakuonekana kufurahia ushindi wake.

"Sasa hiyo homa ya kinanda," Verlene aliendelea. "Huenda mkanda wenyewe ndio uliochoka, sauti zote zikashuka?"

Mama Hazeltine alichimba kwenye mkoba wake akatoa filimbi ya duara, ndogo kama kifuniko cha mtungi. Akapuliza. Noti ile ilikuwa sawasawa na ya kwenye mkanda, haina tofauti hata ya unywele.

"Filimbi iko sawa, maana yake mkanda uko sawa. Kinanda ndicho kilichoshuka."

"Hakikukazwa nyuzi vizuri?"

"Nyuzi gani? Hicho hakina nyuzi. Ndani kina magurudumu, na magurudumu yanazungushwa na mota, na mota inafuata mapigo ya umeme. Umeme wa mjini unapiga sawa mwaka mzima, kwa hiyo kinanda hakibadiliki. Lakini kipe umeme wa jenereta, na jenereta yenyewe imelemewa..." Alishusha kiganja polepole. "Mwaka hamsini na nane tulikipeleka kwenye mkutano wa injili shambani. Jenereta ikaanza kuchoka katikati ya wimbo. Kwaya nzima ilishuka nayo kama watu wanaoteremka kilima wakishikana mikono."

Verlene hakucheka. "Ukumbi wa chama cha kuzikana una umeme wa mjini?"

"Tangu kabla ya vita. Na tena uko ghorofani, juu ya duka la misumari, ngazi ina kona. Sisi wenyewe tukiaga marehemu pale, jeneza tunaliacha chini. Kinanda kile wanakibeba wanaume wanne wenye mgongo imara. Kingepita wapi?"

"Kwa hiyo siku ile hawakuwa ukumbini hata kidogo."

Bibi aliushika mkongojo wake kama anayetaka kuondoka.

"Mama Hazeltine. Nani alikuwa na jenereta?"

"Lucious ni shemasi wetu," alisema. "Alimbatizisha mjukuu wangu. Ningejua unakoelekea ningekula karanga zangu nikanyamaza."

"Ungenyamaza kweli?"

Mama Hazeltine alitazama mabomba ya kinanda kipya ukutani. "Marehemu baba yake mdogo alikuwa na kambi ya uvuvi," alisema mwishowe. "Juu kidogo ya kivuko. Umeme haujafika huko mpaka leo."

*

Asubuhi iliyofuata Odessa Dantzler alikuwa amesimama kando ya gari la Verlene kabla Verlene hajapata kahawa. Alikuwa mpishi wa shule ya sekondari, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, na alikuwa ameomba ruhusa ya siku nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nakuja nawe, dada."

"Ni kazi ya kuangalia mbao na misumari tu."

"Basi nitakushikia tochi."

Kambi ilikuwa nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, imezungukwa na majani marefu. Kutoka barazani ulionekana mto, na mwendo wa dakika saba chini yake, gati la kivuko. Verlene alipima umbali huo kwa hatua, kwenda na kurudi, akaandika. Njia yote iliteremka. Gari lisilo na mtu wa kuliwasha lingeweza kusukumwa hadi majini na wanaume wawili.

Ndani kulikuwa na ukumbi mmoja mkubwa, na nyuma yake vyumba viwili vidogo vilivyopakana. Katika cha kushoto sakafu ilikuwa na bolti nne zilizoota kutu na doa la mafuta lenye upana wa meza.

"Jenereta ilikaa hapa," alisema Verlene. "Waliifungia chumbani ili kelele zake zisiingie kwenye mkanda. Angalia, wamezibia mlango huu magunia."

Chumba cha upande wa kulia kilikuwa na kitanda cha kamba kilichooza. Dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao, pengine kwa ajili ya mbu. Verlene alimulika juu. Ukuta uliotenganisha vyumba viwili haukufika darini. Palikuwa na nafasi ya mikono miwili. Mbao za juu, upande wa kitandani, zilikuwa nyeusi kwa masizi.

Kisha alimulika mlango. Komeo la chuma lilikuwa limewekwa upande wa nje.

Alisimama pale muda, akilisogeza komeo mbele na nyuma. Liliteleza bila kukwama.

"Odessa, walipomtoa Velt mtoni, nani alimvika?"

"Mimi na shangazi. Hatukutaka aguswe na mtu mwingine."

"Ulimwonaje?"

"Swali gani hilo?"

"Nijibu. Rangi yake."

Odessa alitazama mikono yake mwenyewe. "Alikuwa mzuri. Nilishangaa. Kucha zilikuwa nyekundu, na midomo, na ndani ya ufizi. Shangazi alisema, kama mtoto aliyetoka kuchuma beri. Nikajiambia Mungu amemwachia uzuri wake ili nisiumie sana." Aliinua uso. "Kwa nini?"

Verlene alizima tochi. "Kule Mobile, msimu mmoja wa baridi, tulikuta familia ya watu watatu wamelala na jiko la mkaa chumbani. Walikuwa na kucha za namna hiyo. Mtu aliyekufa maji anakuwa wa kijivu, Odessa. Samahani, ila ndivyo. Aliyekufa kwa moshi wa injini au wa mkaa, damu yake inabaki nyekundu."

"Unasema hakuzama."

"Nasema alipoingia mtoni alikuwa ameshakufa."

Odessa alitoka barazani. Verlene alimwacha. Aliporudi alikuwa amefunga kitambaa upya kichwani, kimekaza.

"Lucious yuko shuleni kwetu mpaka saa kumi," alisema. "Leo ni Ijumaa, kuna mpira, watakuwa kwenye mazoezi ya bendi. Najua ratiba yake yote. Miaka tisa namgawia chakula cha mchana mtu yule. Kila siku ananiambia, Mungu akubariki, Bi Odessa."

*

Lucious Abernethy aliwaona kupitia kioo cha mlango, akawafanyia ishara ya kungoja. Wanafunzi arobaini wenye tarumbeta na ngoma walimaliza wimbo wa kuingilia uwanjani, wakakusanya vyombo vyao kwa kishindo, wakatoka wakisukumana. Mwalimu wao alikuwa mrefu, mvi zimemkaa vizuri, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Aliwavutia viti mwenyewe.

"Bi Odessa, leo tumekula maharage ya makopo. Tumekukosa." Kisha kwa Verlene, "Nimesikia unazunguka mjini."

"Nazunguka. Unijibu mambo mawili matatu, Profesa. Tarehe 14 Agosti 1971 mlifanya mazoezi wapi?"

"Ukumbi wa chama cha kuzikana. Velt hakutokea. Tulimsubiri..."

"Hakutokea. Najua kiitikio." Verlene aliweka kinasa sauti juu ya kinanda cha darasa, akabonyeza. Filimbi, kinanda, kicheko. *Kinanda chako kina homa, au ni mimi nimekua urefu?* Akazima.

Uso wa Lucious haukubadilika. Mkono wake ndio uliotafuta kitu cha kushika, ukashika kijiti chake cha kuongozea.

"Mkanda wa zamani," alisema. "Nilikuwa nikirekodi kila mazoezi. Tarehe hiyo mtu ameibandika tu."

"Kinanda hicho ulikichukua kanisani tarehe kumi na mbili. Kitabu cha kanisa kinasema, na Mama Hazeltine amekitambua kwa sikio. Tarehe kumi na mbili na kumi na tatu mlikuwa Meridian."

"Basi labda tulipata nafasi kidogo asubuhi ile, kabla ya..."

"Ghorofani? Kinanda hicho, kwenye ngazi yenye kona?"

Lucious alikigeuza kijiti mkononi.

"Sauti yake ilikuwa chini kwa sababu kililishwa na jenereta," alisema Verlene. "Ninyi wenyewe mlikicheka. Jenereta ilikuwa kambini kwa baba yako mdogo. Nimetoka huko. Nimeona bolti, nimeona masizi, nimeona komeo. Na Bi Odessa alimvika kaka yake kwa mikono yake, naye ameniambia rangi ya kucha zake."

"Ezell amekuambia nini?"

"Sijamtaja Ezell."

Mlio wa kengele ulipita koridoni. Lucious aliketi, polepole, kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi, magoti yakamjia karibu na kidevu.

"Ezell alikuja kwangu mwaka huu, mwezi wa sita," alisema. "Daktari amempa habari mbaya. Akasema hataki kwenda kaburini na siri ile. Nikamwambia nina madarasa, nina kanisa, nina watoto mia mbili wanaoniamini. Alipoondoka sikuhesabu mikanda yangu."

"Alitaka mashine iseme badala yake."

"Ezell hajawahi kuwa na mdomo. Alikuwa na mikono tu."

"Kwenye kambi," alisema Verlene. "Anza mwanzo."

Alianza. Saa saba mchana, walipopumzika, Velt aliwaambia kwamba Jumatatu anapanda basi kwenda Chicago. Watu wa huko walisikia santuri yao na walimtaka yeye. Sauti tu, bila bendi. Wapiga vyombo walikuwa nao wao.

"Miaka minane," alisema Lucious. "Nilimtoa kwaya ya watoto. Nilimfundisha kupumua. Nilishona makoti yale na mama yangu, saba, kila kifungo. Tulipokuwa tukilala ndani ya gari kwa sababu hakuna hoteli iliyotupokea, nilikuwa nawaambia, ngojeni, tutafika. Kisha anasimama pale na soda mkononi anasema, Profesa, nimefika. Nimefika. Kama vile alikwenda peke yake."

"Ulimpiga?"

"Hapana! Hakuna aliyemgusa. Alisema kichwa kinamuuma, akaenda kujinyoosha chumba cha nyuma. Jioni tulikuwa na onyesho Thomasville, ukumbi umejaa. Niliogopa angechukua gari lake aende zake kabla ya onyesho. Nikafunga komeo. Nilisema nitamfungulia saa kumi, hasira zimetulia, tunapanda gari wote. Muda wa saa tatu tu. Ndivyo nilivyofikiri."

"Na jenereta ikaendelea."

"Tulikuwa na wimbo mpya. Niliimba mimi mahali pake." Aliutazama mkono wake ulioshika kijiti. "Niliporudi kumfungulia alikuwa kama amelala. Ezell alimpiga makofi usoni mpaka tukamshika. Wengine walitaka kwenda kwa sherifu. Nikawaambia, watu sita weusi, maiti mmoja, mlango uliofungwa kwa nje. Mnadhani kesi hiyo itachukua muda gani? Nikawapa maneno ya kusema. Mimi na Ezell tukasukuma gari."

"Na Thomasville?"

"Tulikwenda. Tulipiga nyimbo kumi na nne. Tukawaambia watu Velt amechelewa."

Verlene aliandika sentensi hiyo ya mwisho, akapiga mstari chini yake. Alikuwa na maswali mengine: nani alishika usukani, nani kati ya waliobaki hai angethibitisha. Lakini Odessa alikuwa ameinuka. Alikwenda akasimama mbele ya kile kiti kidogo, naye Lucious akalazimika kuinua kichwa kumtazama.

"Aligonga?" aliuliza Odessa.

Lucious alishusha macho kwenye kijiti.

"Nakuuliza jambo dogo. Ulipofunga, kaka yangu aligonga mlango?"

"Bi Odessa..."

"Ndiyo au hapana."

"Aligonga."

"Mkasikia."

"Tulisikia." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa, nayo hayakubadilisha kitu chochote chumbani. "Alisema, Lucious, acha mchezo, fungua, kichwa kinanipasuka. Tukacheka. Ezell akataka kuinuka. Nikamwambia endelea kupiga. Nikamwambia piga kwa nguvu. Baadaye akanyamaza, nikasema, mnaona, ametulia."

Odessa alibaki amesimama, mikono imening'inia. Verlene alisogea karibu, kwa sababu hakujua mikono ile ingefanya nini. Haikufanya kitu. Odessa alivuka chumba hadi kwenye meza ya mwalimu, akainua simu nzima pamoja na waya wake, akairudisha na kuiweka juu ya magoti ya Lucious.

"Piga wewe," alisema. "Si huyu dada, si Ezell. Wewe."

Lucious alizungusha namba kwa kidole kilichokosea mara mbili. Simu ilipopokelewa alijitambulisha kwa jina na kazi, kwa adabu yake yote ya shemasi, akasema anataka kutoa habari za kifo cha mtu. Aliyepokea katika ofisi ya sherifu alikuwa msichana. Sauti yake ilisikika mpaka pale Verlene aliposimama. Alionekana hakuwahi kusikia habari hizo. Akauliza marehemu ni nani, kisha akaomba arudie, polepole, aandike.

"Roosevelt Dantzler," alisema Lucious. Akaanza kumtajia herufi moja moja, naye Odessa akaegemeza mkono kwenye kinanda cha darasa, akisikiliza mpaka herufi ya mwisho.

"Na alikuwa nani yako?" msichana aliuliza.

Lucious aligeukia dirisha. Nje, uwanjani, watoto wake walikuwa wameanza kupiga bila yeye.

"Mwimbaji wetu," alisema.